Matundu Manne ya Rafu ya Mama

Jumamosi asubuhi Khiêm aliishusha rafu ya kumfukizia ubani marehemu mama yake kutoka ukuta wa sebuleni, akaipangusa majivu, akaipandisha juu ya friji jikoni. Ikafuata picha ya mama, kisha bakuli la ubani na kikombe cha maji. Ukutani yalibaki matundu manne, vibomba vya plastiki vya kushikia skurubu bado vimo ndani.

Hapa Hai Phong rafu ya marehemu haihamishwi kiholela. Mwenyewe huulizwa kwanza. Unawasha ubani, unaeleza haja yako, unarusha kwenye sahani sarafu mbili zilizopakwa chokaa upande mmoja. Moja ikilala nyeupe na nyingine nyeusi, marehemu ameridhia. Zikifanana, hataki. Khiêm alizirusha mara tatu, na mara zote zikalala nyeupe tupu.

"Mama kasemaje?" mkewe, Thoa, akauliza kutoka ngazini.

"Kakubali," Khiêm akajibu, akazitia sarafu mfukoni.

Toản, kaka yake Thoa, alikuja na pimamaji na fremu ya chuma ya kutundikia televisheni. Alipoiegemeza ukutani, matundu ya fremu na ya ukuta yakaoana barabara.

"Shemeji, una bahati ya mtende! Hata keekee siitoi mkobani."

"Kaza tu."

"Na marehemu je? Asije akanishukia mimi, nina watoto."

"Karuhusu."

"Mwelewa huyo. Mama yangu mimi angenitoa roho kwa kuhamisha kigoda tu."

Skurubu ziliingia laini. Khiêm alishika fremu huku ameinamisha macho, maana ukuta ule alikuwa na deni nao. Mwaka wake wa mwisho mama yake, Bibi Nhạn, hakuweza tena kushuka ngazi. Alilala ghorofani, kwenye chumba cha kuanikia nguo, na ombi lake lilikuwa moja: ateremshiwe kitanda sebuleni, asikie watu. Khiêm alimwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwepo; hapo zilikaa pikipiki mbili na makochi ya mbao yasiyokaliwa na mtu. Alipokufa ndipo Khiêm alipompa ukuta ule, akaapa mbele ya ubani kwamba hapo hatamwondoa.

Jioni wakaiwasha televisheni. Bibi Nhạn alikuwemo kwenye taarifa ya habari. Alisimama nyuma ya msomaji, amevaa nguo zake za nyumbani za maua, akitafuta pa kukaa. Msomaji akainuka, akampa kiti chake, akamalizia habari za kimbunga akiwa wima.

"Picha safi," Toản akasema. "Mpaka mvi unazihesabu."

Khiêm akahamia kwenye mpira. Mlinda mlango akamwekea bibi kigoda kando ya nguzo, na mwamuzi akasimamisha mechi hadi bibi alipomaliza chai yake. Khiêm akahamia kwenye tamthilia. Humo walikuwa wanamtandikia kitanda sebuleni, karibu na mlango, na kila aliyeingia alimsalimu kwanza. Khiêm alizunguka stesheni zote. Hapakuwa na hata moja iliyokosa nafasi.

Majirani wakazoea kuja kutazama. Bi Lụa wa nyumba ya pili, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikodoa macho huku akibangua mbegu za alizeti.

"Mama yako kanenepa tangu afe," akasema. "Huko aliko wanamtunza."

Khiêm aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Njia ya mwongo ni fupi, na yake yeye ilikuwa imeishia ukutani, kila mtu anaitazama. Siku moja baada ya kazi akapanda kwenye kiti na bisibisi. Alikuwa ameshalegeza skurubu moja Thoa alipotoka jikoni.

"Unataka kumtoa tena?"

Khiêm akaielekeza bisibisi kwenye skurubu ya pili.

"Zile sarafu zililala nyeupe, sivyo?"

"Nyeupe zote."

"Nilijua," Thoa akasema. "Na mimi niliitaka televisheni."

Khiêm akaikaza tena ile skurubu, akashuka. Rafu ikabaki juu ya friji.

Ikafika siku ya mwaka wa kifo cha mama, siku ambayo marehemu huitwa nyumbani na kula kabla ya walio hai. Thoa alichemsha kuku, akapika wali wa kunata na tambi za supu ya kaa, alizozipenda mama. Wakapanga bakuli mbele ya friji, wakawasha ubani. Moshi ulizunguka jikoni, ukatoka dirishani.

Sebuleni tamthilia ilikuwa inaendelea. Bibi Nhạn alikaa kwenye mkeka na familia ya humo, mke wa kijana wao akimtolea miiba ya samaki. Khiêm alisimama mbele ya televisheni, akaunganisha viganja.

"Mama, chakula tayari. Njoo nyumbani ule."

Bibi Nhạn akageuka, kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani.

"Ahsante, baba. Kuleni tu," akasema. "Mimi nimeshakula hapa nyumbani."

Supu ilikuwa inapoa. Khiêm akapunguza sauti ya televisheni, akavuta kiti, wakaanza kula.