Mzunguko wa Tisa

Jumanne moja ya Februari mwaka 1996, marubani kumi na wawili wa Kikosi cha Kozi walikuwa wakila wali wa kukaanga na samaki mkavu, huko Pampanga, Ufilipino, king'ora kilipolia. Wanane waliacha vijiko wakakimbilia ndege. Waliobaki wakaanza kuzungusha sahani zao juu ya meza, mzunguko mmoja kwa kila aliyeondoka, maana mtu akiondoka wenzake wakiwa wanakula, sahani isipozungushwa huenda asirudi.

Saling Macaspac, mpishi wa bwalo, aliyekuwa akila pembeni mwa meza, alizungusha yake mara tisa.

"Mama Saling, mimi kesho nizungushie mara mbili," alisema Luteni Baltazar. "Ndege niliyopewa ni mkweche."

"Mkweche ni wewe. Kula, samaki anapoa."

Mzunguko wa tisa ulikuwa wa baba yake. Luteni Crisanto Macaspac aliondoka kwenye meza hiyohiyo Desemba 1941, Wajapani walipokuja. Meja Villaruz, kamanda wa kikosi, alimwamuru kwa mdomo aruke, akawakataza wengine kuzungusha sahani, akisema hapo ni jeshini si jikoni kwa bibi zao. Ndege tano nyingine ziliungua zikiwa chini. Meja alipoulizwa nani aliyemtuma Macaspac, alisema hakuna, na kwenye faili akaandika: mtoro. Saling alizaliwa miezi minne baadaye.

Tangu hapo hakuna kamanda aliyethubutu kukataza tena. Katika vita ya pili ya kikosi, dhidi ya waasi wa milimani, kikosi kilipewa msaada wa sinia za chuma zenye pembe nne. Zilikwamana mezani zikazunguka nusu tu. Marubani walitua salama, ila vivuli vyao vilichelewa majuma mawili, vikaja kwa miguu kutoka mlima Arayat vikiwa na matope ya mashamba yaliyopigwa mabomu. Sinia zikarudishwa stoo. Katika vita ya tatu walipelekwa Kongo, wakala mahemani bila meza, wakazungushia sahani magotini, wakarudi wote wakijua Kiswahili cha kuombea chumvi. Vita ya nne, ya visiwa vya kusini, ilikuwa ndefu mno hata meza ikachimbika.

Na katika kila vita Macaspac alisogea karibu. Miaka ya hamsini injini yake ilisikika mbali baharini. Wakati wa Kongo ilisikika juu ya Bataan, mkoa jirani. Volkano ilipolipuka mwaka 1991, alionekana kabisa, akizunguka juu ya uwanja na majivu mabawani. Waongozaji wa ndege walimwashia taa kila asubuhi kumsalimu, naye akatikisa bawa, lakini kutua hakuweza.

Jumanne hiyo Kapteni Quiambao alikuwa mmoja wa waliobaki. Yeye ndiye aliyeandika historia ya vita vya kikosi kwa sherehe ya miaka sitini, na jiwe la majina ya waliopotea lilikuwa likichongwa.

"Mama Saling," alisema bila kumtazama, "jina la baba yako wamelikataa."

"Yuko juu ya paa lako, Kapteni."

"Namwona. Jana kanipungia mkono. Lakini faili linasema alitoroka."

"Mtoro gani anazunguka kazini kwake miaka hamsini na nne?"

"Hilo swali niliwaandikia makao makuu. Wamejibu kwamba halina fomu."

Quiambao alitazama sahani yake. Alikuwa amezungusha mara nane kama kawaida. Hakuwa mtu wa kuvunja amri, lakini alishika ukingo wa sahani akaizungusha mara ya tisa. Ofisa ndiye aliyekataza, na tangu siku ile hakuna ofisa aliyekuwa amemzungushia Macaspac.

Baada ya dakika nne ndege kuukuu isiyo na kioo juu ilitua. Rubani wake aliingia bwaloni akipangusa majivu. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Samahani, nimechelewa," alisema. "Wali umepoa?"

Saling, mwenye miaka hamsini na mitatu, alilia. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, ila si kwa ujana wa baba yake.

"Umefanana na Pilar," alisema kijana yule.

"Mimi ni binti yenu, Baba. Mama alikuzungushia mpaka mwaka sabini na mbili, akafa. Nikabaki mimi."

Macaspac alikaa. Alikula polepole, kichwa chini, mpaka akamaliza.

Ijumaa ilikuja barua kutoka makao makuu. Ilisema kurudi kwa mhusika hakubadilishi kumbukumbu, na kwamba mtoro hana posho ya wali. Saling akawa anamgawia wake. Jiwe lilizinduliwa likiwa na majina kumi na tisa. Macaspac alisimama nyuma ya wageni akapiga makofi, kwa sababu wanne kati ya wale aliwajua, na mmoja wao alikuwa ameazima viatu vyake bila kuvirudisha.

Jumatatu iliyofuata, Saling akiwa katikati ya mlo, basi la Manila lilipiga honi getini. Kwa miaka mingi alikuwa ameandikia makao makuu barua kumi na moja, na zote zilijibiwa vilevile. Sasa alitaka kwenda huko mwenyewe, na faili la baba yake kwapani. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuondoka mezani kabla ya wengine. Yeye ndiye aliyebaki. Alishika kijiko, akakiweka, akakishika tena.

"Nenda, mwanangu," alisema Macaspac. "Basi halimsubiri mpishi."

"Watanikatalia."

"Watakukatalia. Utarudi jioni, utakwenda tena Jumatatu nyingine."

Saling alifunga kitambaa chake kichwani, akachukua faili akatoka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake sahani ya bati ikikwaruza mbao, mzunguko mmoja kamili.