Zamu ya Solange

Jumanne, saa mbili asubuhi, agronomu Polycarpe, bwana shamba wa mradi wa wanyamapori, alisimama juu ya kisiki, mahali pekee pakavu katika bonde la nyuma ya Buleusa, akamsomea Solange namna ya kupanda chakula cha wanyama. Karatasi yake ilikuwa ndani ya plastiki, na miguu yake ndani ya buti mpya. Solange alikuwa ndani ya maji hadi magotini, akisikiliza kwa adabu. Karatasi ilisema mahindi na maharagwe yapandwe kwenye ardhi tambarare, kwa mistari iliyonyooka.

Mradi ulitaka tembo na nguruwe wa pori wapate kula bondeni, wasiende kuharibu mashamba ya watu. Lilikuwa wazo zuri na hakuna aliyelipinga. Kasoro ilikuwa moja tu: bonde lenyewe lilikuwa shamba la Solange. Mama mkwe wake ndiye aliyelifyeka, na Solange alilima humo miaka kumi na mitano, kila kiangazi, kisha mvua zikianza akaliachia maji. Wapimaji wa mradi walikuja mwezi wa kumi na moja. Walikuta maji na vyura, wakaandika kwamba ardhi haina mwenyewe. Wangekuja mwezi wa saba wangemkuta na watoto wake watatu wakichimba majimbi, lakini mwezi wa saba wapimaji huwa likizo. Sasa kibao cha mradi kilisimama pale, na Solange alikuwa amepewa kazi ya kupanda katika shamba lake mwenyewe, kwa sharti kwamba asichukue hata jani. Chakula kilikuwa cha wanyama peke yao.

“Papa agronome, maji ya hapa haitokake,” Solange alisema. “Ukipanda chini, inaoza.”

Polycarpe alimjibu kwamba karatasi imeandikwa na watu waliosoma. Wakapanda kama ilivyosema. Maharagwe yalioza siku ya sita, na mahindi yalijitahidi kuota, yakageuka manjano, yakalala. Polycarpe hakuwa mtu mbaya. Alikunja karatasi, akavua buti zilizokwisha kujaa maji, akamwomba Solange alime anavyojua.

Solange aliita likilimba, yaani wanawake kumi na wawili wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, chini ya Mama Nyirabagenzi, ambaye akikuona unachelewa hakusalimii wiki nzima. Waliinua matuta ya kufika kiunoni, wakachimba mifereji katikati ili maji yapate njia ya kushuka mtoni. Majimbi waliyapanda chini, kwa kuwa jimbi linapenda kulowa. Viazi vitamu vilikaa mabegani mwa tuta, na miwa ukingoni. Baada ya miezi saba bonde lilijaa majani mapana hadi Solange aliona uchungu kulitazama.

Wanyama walifika Jumatatu, saa tisa alasiri. Walitangulia tembo wawili, mama na binti yake, wakafuatwa na nguruwe kumi na wanne. Walipita mferejini mmoja nyuma ya mwingine wasije wakabomoa tuta, wakala mstari mmoja, wakashiba, wakaondoka. Wanawake walikubaliana kwamba harusini hawajapata kuona wanaume wenye adabu kama ile.

Lakini likilimba ina kanuni: ukila kwenye shamba la mtu, unamlimia. Jumamosi wanawake walipofika na majembe, walikuta tembo wameshaanza kazi. Mama alikuwa anazibua mfereji kwa mguu, binti anachota tope kwa mkonga. Nguruwe walikuwa wanageuza udongo kwa pua zao. Nyirabagenzi alikagua, akawaambia nguruwe waache hatua mbili kati ya tuta na tuta, nao wakarekebisha. Kufikia adhuhuri kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini kwenye tope, na Byukusenge, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alicheza na nguruwe mmoja aliyeshika mdundo vizuri kuliko marehemu mume wake.

Polycarpe alifurahi mno. Aliwaomba tembo wachimbe mfereji mwingine karibu na kibao, kwa ajili ya wageni kutoka ofisi ya mradi, Goma. Tembo mama alitikisa masikio.

“Pale hatulime,” alisema. “Tulikula kwa Mama Solange. Njo yeye tunamulimia.”

Polycarpe alimweleza kwa upole kwamba shamba ni la mradi. Tembo alinusa kibao, akanusa udongo, kisha akanusa mkono wa Solange kwa muda mrefu.

“Hii shamba iko yake,” alisema, akarudi mferejini.

Katika ripoti yake Polycarpe aliandika kwamba tembo hawakuwa na maoni.

Jumamosi iliyofuata nguruwe walileta majimbi mpaka mlangoni kwa Solange, kwa sababu mwenye zamu ndiye anayeondoka na mavuno. Watoto walirukaruka, maana walikuwa hawajayala tangu kibao kisimamishwe. Polycarpe alikuja akitazama chini, akakumbusha sharti. Solange aliyarudisha bondeni kwa kikapu, safari nne. Jumatatu nguruwe waliyaleta tena. Akayarudisha. Mara ya tatu majimbi yalikuwa yamechoka kusafiri na yameanza kuchipua kikapuni.

Polycarpe akapiga simu Goma. Mkubwa wake alimsikiliza bila kushangaa, akauliza tu kama idadi ya wanyama inapanda. Kisha akaamua kwamba sharti halibadiliki: aliyeandikwa kwenye daftari la wanyama atakula, asiyeandikwa hatakula. Kesho yake Polycarpe alifika na daftari, akaketi juu ya tuta.

“Mama Solange, nikuandike wapi?”

“Niandike mwenye shamba.”

Polycarpe aliitafuta safu hiyo, akafunua kurasa mbele na nyuma. Haikuwepo. Kulikuwa na wanyama wakubwa na wanyama wadogo.

Solange aliumia, tena sana. Kisha akawatazama watoto, wameshaleta sufuria na chumvi, akashikwa na kicheko kilichomtoa machozi, na tembo akacheka pia, maji ya mferejini yakatetemeka.

“Basi andika,” alisema.

Polycarpe aliandika kwa mwandiko mzuri: tembo wawili, nguruwe kumi na wanne, Solange mmoja. Moto ukawashwa ukingoni, majimbi yakachemka, na tembo wakasogea ili watoto wapate mahali pa kukaa. Polycarpe, kalamu bado mkononi, aliuliza kwa heshima kama watoto ni wakubwa au wadogo.

“Wadogo,” alisema Solange, akimpa wa kwanza jimbi la moto. “Lakini wanakulaka kama wakubwa.”

Mwisho wa mwezi Goma ilituma pongezi: wanyama wa bonde la Buleusa walikuwa wameongezeka kwa wanne.