Diski Iliyolia

Mume wangu wanamwita Sikio, na si kwa sababu ya ukubwa, ingawa hata hapo Mungu hakumnyima. Ni kwa ajili ya kazi. Duka letu linauza vifaa vya kuhifadhia mafaili ya kompyuta, na kwa miaka mingi tuliuza diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka ndani. Sikio alikuwa akiichomeka diski, anaibandika sikioni, anafumba macho. Ikinguruma vizuri, ilipita. Ikigongagonga, iliishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Watu walitoka mitaa ya mbali kulifuata sikio hilo, nami nikavimba kichwa kana kwamba ni langu.

Kisha zikaingia diski za kisasa ziitwazo SSD: nyembamba, nyepesi, hazina kinachozunguka wala kinachogonga. Ya kwanza kufika dukani Sikio aliisikiliza, akaisikiliza tena, akatangaza kwamba imekufa na kuitupa kwenye ndoo. Nikaiokota, nikaifunga kwenye kompyuta. Kompyuta ikawaka kabla hajamaliza kunieleza kwa nini haitawaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Bei za SSD zikazidi kushuka, wateja wakazihamia, na sikio la mume wangu likakosa kazi. Akawa anafuta vumbi kwenye kabati lisilo na vumbi. Asubuhi moja akaniambia kwamba kaka yake, anayeuza pampu za maji, amempa nafasi, na kwamba Jumatatu anaanza. Pampu, alisema, angalau zinanguruma. Nikamjibu aende salama, maana kiburi ninacho. Moyoni sikutaka aende hata hatua moja. Lile duka bila yeye ni chumba cha nyaya tu.

Jumamosi akaja muuza jumla mmoja, mtu wa maneno matamu, na katoni ya SSD za kubeba mkononi. Kila moja, alisema, ina nafasi kubwa ajabu ya mafaili, kwa bei nusu ya soko. Mteja wetu mkubwa, mpiga picha wa harusi, alikuwa akizililia hizo hizo, kwa sababu siku hizi video ya harusi ni ndefu kuliko uchumba wenyewe. Nikaipima moja kiganjani, nikaiona nzito, imara. Nilikuwa tayari kuchukua katoni nzima.

Sikio alikuwa kwenye kona, anafungasha bisibisi zake. Akapita karibu yetu, akaokota moja, na kwa mazoea tu akaipeleka sikioni. Akaitikisa. Akaitikisa tena.

"Hii inalia," alisema.

Muuza jumla akacheka, akanigeukia kana kwamba tunamhurumia mtu pamoja. Akaeleza kwamba SSD hailii, haina ndani yake cha kulia, na kwamba shemeji ameachwa nyuma kidogo na teknolojia.

"Nami nasema hivyo hivyo," mume wangu akamjibu taratibu. "Haina cha kulia. Sasa hapa kinalia nini?"

Sikio akafungua mfuko aliokwisha kuufunga, akatoa bisibisi, akalifungua kasha. Ndani mlikuwa na memori kadi ndogo, kama zile za simu, na nati nene ya chuma iliyobandikwa ili kitu kiwe kizito mkononi. Gundi ilikuwa imeachia. Tukafungua nyingine, nayo ina nati. Harusi moja tu ingeijaza ile kadi, na maharusi wengine wote wangetujia juu wakidai picha zao.

"Debe tupu haliachi kuvuma," nikasema, nikimsukumia muuza jumla katoni yake. Uso ulimshuka, nikajua naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Alipoondoka, niliuchukua ule mfuko wa bisibisi nikazirudisha kwenye droo, moja moja, mume wangu akinitazama.

"Usiende," nikamwambia. "Nakuhitaji hapa."

"Nibaki kusikiliza kimya?"

"Ndiyo. Usikilize kimya."

Akatabasamu mpaka masikio yote mawili yakasogea.

Kaka yake alimsubiri Jumatatu, kisha akapiga simu kuuliza yuko wapi. Sikio aliipokea akiwa dukani kwetu, simu kwenye sikio moja, SSD kwenye jingine, na mteja mbele yake amenyamaza anangoja majibu.