Wavu wa Miguu Mikavu

Tangu mamba alipomchukua mbuzi wa jirani yao Lewa pale kwenye kona ya mto Sabaki, mchana kweupe, Ngumbao hakuwa na neno jingine kwa mama yake ila lile moja. Alilisema wakati wa chai, akalisema akivaa viatu kwenda kazini, na jioni alilisema tena akivivua.

"Mama, mto basi. Samaki tutanunua Malindi."

Mama yake, Bi Kabibi, alikuwa akichambua mchicha na wala hakuinua uso. "Samaki wa kununua hana habari."

"Habari waulize kina Lewa."

Ruqaiya, mkewe Ngumbao, alikuwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akisikiliza. Yeye alitoka Mambrui, kwa watu wa bahari, akaolewa katika mji huu wa Wagiriama wenye mashamba kando ya mto. Alipofika alikuwa mgeni wa mambo mengi, lakini kuna jambo moja lililompendeza tangu wiki ya kwanza, nalo ni kumtazama mavyaa wake akivua. Bi Kabibi hakuwa na mambo makubwa: mshipi, ndoana na chambo cha minyoo. Kambare akishanasa, hakumvuta kwa pupa. Alimchosha taratibu, akimpa mshipi na kuurudisha, kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye hasira. Kisha alikunja leso, akaingia majini mpaka magotini, akapitisha mkono chini ya tumbo la samaki hadi kwenye mashavu, na kumtoa. Kambare ni mtelezi kuliko sabuni, tena ana miba kwenye mapezi. Wanaume wazima huwaponyoka. Bi Kabibi hawakumponyoka.

Sasa ule mkono wote uliojua kazi ulikuwa ukichambua mchicha. Ruqaiya aliona jinsi mavyaa wake alivyokuwa akisita kila upepo ulipoleta harufu ya tope la mtoni, na moyo wake ulimuuma.

"Ngumbao," alisema, "unachokiogopa ni mto, au ni mama kuingia mtoni?"

Ngumbao alifikiri. Alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. "Kuingia."

"Basi akivua bila kuingia?"

"Siku nitakayomwona kwa macho yangu amemtoa samaki, na miguu yake mikavu, sitasema tena."

"Mikavu kiasi gani?" Bi Kabibi aliuliza.

"Kama huo mkeka uliokalia."

"Umesikia, mkaza mwana," Bi Kabibi alimwambia Ruqaiya. "Wewe ni shahidi."

Ndipo Ruqaiya alipotoa shauri la wavu wa kuopolea, ule wa mviringo wenye mpini, ambao humfikia samaki huku mvuvi amesimama mbali na maji. Bi Kabibi hakuwahi kuutumia maishani. Alikubali kwa shingo upande, na asubuhi iliyofuata wakawa katika duka la Mansur, muuza vifaa vya uvuvi mjini Malindi.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema Mansur.

"Marahaba, mwanangu. Nataka mkono mrefu."

Mansur aliwatolea nyavu, akaziweka mezani. Wa kwanza ulikuwa na nyuzi laini na matundu madogo, mweupe, unapendeza kama chandarua cha bibi harusi. Ruqaiya aliupenda papo hapo. Bi Kabibi aliugeuzageuza, kisha akaingiza mkono chini ya mtandio wake, akachomoa kitana cha nywele, akakitumbukiza wavuni na kuutikisa. Alipoupindua ili kitana kianguke, hakikuanguka. Meno yake yalikuwa yamenasa kwenye nyuzi, na kadiri alivyokivuta ndivyo kilivyozidi kujizongazonga.

"Huyu ni kambare na miba yake," alisema. "Nitakesha nikimfungua."

Akajaribu wa pili, hali ikawa ile ile. Wa tatu ulikuwa mweusi, mzito, nyuzi zake nene zimepakwa mpira. Kitana kiliingia, kikatikiswa, na kilipopinduliwa kikaanguka mezani bila shida.

Mansur alicheka hadi akashika meza. "Bi mkubwa, nimeuza nyavu tangu ujana wangu. Sijapata kuona mtu anazichana nywele."

"Zilikuwa zimetimka," Bi Kabibi alimjibu.

Ruqaiya naye alicheka, lakini moyoni alistaajabu. Mtu ambaye hajawahi kushika wavu wa namna ile alijua la kuuliza, kwa sababu alimjua samaki. Wavu aliutazama kama atakavyoutazama kambare.

Mpini ndio uliowadanganya. Ulikuwa wa aluminiamu, unang'aa, vipande vinaingiana na kutoka kama antena ya redio. Ulikuwa mwepesi mno, hata Bi Kabibi aliuvuta na kuurudisha kwa furaha ya mtoto. Waliununua pamoja na ule wavu mweusi.

Nyumbani, kabla hajauonyesha kwa mwanawe, Bi Kabibi alitaka kuujaribu. Alitia boga wavuni, akashika ncha ya mpini, akainua. Boga lilipanda kidogo. Kisha mpini ukajikunja, vipande vikaingiana kwa mlio mkavu kama kobe arudishaye kichwa, na boga likabingirika mpaka zizini.

Waliangalia mbuzi wakilinusa.

"Na hilo ni boga," alisema Bi Kabibi. "Halijapiga hata mkia."

Ruqaiya aliona aibu, maana shauri lilikuwa lake. Lakini mavyaa wake hakulaumu mtu. Alikwenda kuchukua panga. Pembeni mwa shamba palikuwa na mkone, mti ambao watu wa huko huukatia fimbo na pinde, kwa kuwa hupinda na kurudi bila kuvunjika. Hakukata tawi la kwanza aliloliona. Kwanza alikwenda hadi ukingo wa mto, akasimama penye majani yenye mizizi, ambapo ardhi haikumeguka, akanyoosha ufito kuelekea majini mpaka ukagusa. Ule ndio uliokuwa urefu.

"Mpini haupimwi kwa mtu," alimweleza Ruqaiya. "Hupimwa kwa ukingo. Ukiwa mfupi utanivuta majini, na ukizidi, wavu utanielemea."

Tawi lilibanduliwa maganda, likalazwa juu ya meko likauke polepole kwa moshi. Lilipokuwa tayari, likabaki suala la kiungo, mahali ambapo pete ya wavu hukutana na mpini. Hapo Ruqaiya aliomba kazi hiyo aachiwe yeye. Alichonga mfereji kwenye ncha ya mti, akalaza humo shina la pete, akalizungushia kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, mzunguko juu ya mzunguko, akikaza kila mmoja kwa goti. Kisha aliishusha kamba ileile hadi mahali pa kushika.

"Ikilowa hujikaza," alisema. "Na mkono hautelezi."

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu, Mzee Badi. Ndivyo alivyokuwa akifunga makasia."

Bi Kabibi alipitisha kidole kwenye mizunguko ile iliyolala sawasawa, akarudia tena. "Baba yako alizaa fundi," alisema, na Ruqaiya aliyabeba maneno hayo siku nzima.

Kwa kuwa mshipi unataka mikono miwili, wavu ungeshikwa na Ruqaiya, basi walifanya mazoezi uani. Bi Kabibi aliburuta leso chini, hiyo ndiyo samaki, naye Ruqaiya akaiandama na wavu huku na huko mpaka akahema.

"Usimfukuze," mavyaa alimwambia. "Ukimfukuza, atakata mshipi. Tia wavu majini, upande ambao maji yanakwenda, utulie. Mimi nitakuletea."

"Nitulie tu?"

"Hiyo ndiyo kazi ngumu. Na kwetu, mwanangu, kichwa cha samaki ni cha aliyemtoa majini. Basi ukitulia utakula vizuri."

Siku ya mapumziko ya Ngumbao, wote watatu walishuka mtoni. Mvua zilikuwa zimenyesha bara, na Sabaki ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda kwa haraka. Bi Kabibi alikaa penye majani yenye mizizi. Ruqaiya alisimama kando yake, upande wa chini wa mto, wavu mkononi. Ngumbao alisimama upande wa juu, mikono nyuma, kama askari wa kaunti anayekagua vibanda.

"Huo mpini wa mti utahimili?" aliuliza.

"Uliza miguu, ndugu mkaguzi," alisema mama yake. "Mpini uachie wenyewe."

Papo hapo kambare alinasa. Alikuwa mkubwa, mshipi ulikata maji ukielekea katikati ya mto. Bi Kabibi hakunyanyuka. Alimpa, akamrudisha, akampa, akamrudisha, na uso wake ukawa ule ambao Ruqaiya hakuwa ameuona tangu siku ya mbuzi. Samaki alianza kukaribia. Ngumbao, macho yote yakiwa kwa miguu ya mama yake, alisogea mbele ili aione vyema, akakanyaga udongo usio na majani.

Ukingo ulimeguka. Hakupiga hata kelele. Alionekana, kisha ikaonekana kofia yake tu.

Ruqaiya alihisi mwili mzima ukimtuma kukimbia. Bi Kabibi alikuwa ameshika mshipi kwa mikono miwili, na sauti yake ilitoka chini na imara.

"Opoa."

"Samaki, mama?"

"Mume kwanza. Samaki yuko ndoanani, haendi popote. Usimfukuze. Tulia."

Ruqaiya alipiga goti kwenye majani, akanyoosha wavu upande ambao maji yanakwenda, akautuliza. Ilikuwa kazi ngumu kama alivyoambiwa. Mto ulimleta Ngumbao, akitapatapa, mpaka mikono yake ikaipata pete ya wavu. Mkone ulipinda kama upinde. Kamba ya usumba ililia, ikalowa, ikajikaza. Kiungo hakikusogea hata unywele. Ruqaiya alivuta kwa mgongo wake wote, mkono baada ya mkono, bila kuteleza, na mumewe akapanda ukingoni kwa tumbo, akilala kwenye majani kama kitu kilichotapikwa na mto.

"Uko mzima?" aliuliza mama yake.

"Mzima," alijibu Ngumbao, akitema maji.

"Alhamdulillahi," Ruqaiya alinong'ona.

"Tumshukuru Mulungu," alisema Bi Kabibi. "Sasa, mkaza mwana, rudisha wavu. Huyu hapa mwingine."

Ruqaiya alitia wavu majini akatulia. Bi Kabibi alimleta kambare, kichwa mbele, mpaka ndani, na Ruqaiya akainua. Alipoupindua wavu juu ya majani, samaki alianguka bila kunasa hata mwiba mmoja.

Bi Kabibi aliuzungusha mshipi wake kwenye kijiti, taratibu, kisha akanyoosha miguu yote miwili mbele ya mwanawe. Ilikuwa na vumbi la njiani.

"Mwanangu, yangu hii hapa. Yako je?"

Ngumbao alitazama miguu yake, mmoja una kiatu kimejaa tope, mwingine hauna kitu. Kisha aliunyoosha mkono, akagusa kiungo cha wavu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakibonyeza tena.

"Nani kafunga hapa?"

"Mkeo," alisema mama yake.

Alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza analetwa nyumbani. "Sitasema tena," alisema.

Usiku ule waliketi kwenye mkeka kula. Bi Kabibi alikitenga kichwa cha kambare, akakiweka kwenye sahani ya Ruqaiya.

"Haki yako," alisema. "Ingawa leo umeopoa wawili. Lakini yule wa kwanza kichwa chake kigumu, mwanangu, hicho mwachie mwenyewe."

Ngumbao alisogeza sahani yake, akaomba mchuzi.