Usigonge, Baba

Tishari la mizigo lilikuwa limekwisha kuliacha gati nilipotia kasia majini. Juu yake alilala Mgeni, nguva jike mzito kama ng'ombe wa maziwa, kwenye magodoro yaliyoloweshwa, mashuka mabichi mgongoni, watu wakimmwagia maji kwa ndoo kama wanaoogesha mtoto wa mfalme. Nyuma yake zikafuata boti. Sijui zote zilitoka wapi: za wavuvi, za watalii, za matajiri zenye viti vya ngozi, hata moja ya kubebea matofali. Ungedhani ni msafara wa bibi harusi, ila huyu bibi harusi alikuwa na masharubu.

"Shemeji, piga kasia, usipige soga," alisema mume wa dada yangu.

"Sijasema neno."

"Uso wako unasema."

Tulikuwa wawili katika kiboti kidogo kisicho na injini, na bendera mbili na redio ya mkononi miguuni. Kazi yetu ilikuwa moja tu: kufika kwenye maboya ya njano kabla ya wale wengine, na kuhakikisha hakuna anayeyapita. Maboya yalikuwa yametandazwa nusu duara, mdomo ukielekea nje, upande wa mwamba ambako nguva wenzake hulisha. Ndani ya ile nusu duara angeachiwa Mgeni peke yake. Bendera ya njano maana yake simama hapo. Nyekundu maana yake zima injini. Mgeni aliokotwa ufukweni akiwa na mikato mitatu mgongoni, ya rafadha, yale mapanga ya injini, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumweleza mtu kwa nini.

Aliyepanga mambo yote ni mpwa wangu, binti wa dada yangu na huyu shemeji, daktari wa wanyama. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi juu ya tishari. Na baba yake, huyu niliyekuwa naye kibotini, seremala wa milango, ndiye aliyemlisha nguva yule. Daktari na wenzake waliziba kijihori, mkono mdogo wa bahari, kwa nyavu, wakamweka humo, wakamwomba seremala asaidie wiki mbili kwa sababu alikuwa na boti. Akasaidia miezi minane. Kila asubuhi alikata nyasi za baharini kwa mundu, akazifunga mafungu, akaenda mpaka katikati ya kijihori, akazima injini. Halafu akagonga ubavu wa boti kwa kiganja: ko, ko, ko. Akangoja. Mwezi wa kwanza mnyama hakula kitu, akakonda mpaka mikunjo ikamlegea shingoni. Seremala aligonga hivyo hivyo, akangoja hivyo hivyo. Siku moja pua mbili zikafunguka kando ya boti, na fungu likavutwa mkononi mwake.

"Mimi huyu mwanamume hajawahi kunigongea hata mlango," dada yangu aliniambia nilipofika kwao na begi langu. "Na milango anaitengeneza mwenyewe."

Asubuhi ile ya safari tulikuwa mezani jikoni, birika katikati, daktari amekwisha vaa mabuti. Alichora maboya kwa ncha ya kijiko juu ya kitambaa cha meza, akatuonyesha nani atakaa wapi. Baba yake akauliza, "Na mimi?"

"Baba, leo katika boti zote, ya hatari kuliko zote ni yako."

Seremala akaweka kikombe chini. "Yangu? Mimi niliyemlisha?"

"Ndiyo maana. Akikusikia atarudi. Akikurudia wewe leo, kesho atamrudia yeyote mwenye boti, na huyo wa kesho hatakuwa na nyasi mkononi." Alisema polepole, kama anayemfunga mtoto kidonda. "Asipojifunza leo kwamba boti hazina chakula, hana mwezi mmoja wa kuishi."

"Sitagonga."

"Hata mlio wa injini yako anaujua."

"Basi nitakwenda kwa makasia."

"Na nani? Mgongo huo?"

Wote wawili wakanigeukia mimi, nami mdomo umejaa mkate.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema dada yangu, akiondoa sahani. "Huyu kaka yangu tumempa kasia. Kuna ubaya gani?"

Ndivyo nilivyopata kazi.

Tulifika kwenye maboya jasho likitutoka. Nikasimama, nikainua ile ya njano. Boti zikapunguza mwendo, moja baada ya nyingine, zikajipanga nyuma ya mstari zikikwaruzana na kutukanana kidogo, mambo ya kawaida. Aliyekuja mbele kuliko wote alikuwa nahodha mmoja wa boti kubwa ya watalii, aliyeitwa Kipaza kwa sababu hakuachana na kipaza sauti chake hata akiagiza chai.

"Wazee wa bendera!" alinguruma kwenye kile kidude, watu wake wakacheka. "Hamjambo? Au mmetumwa kuanika nguo?"

"Hatujambo, Kipaza. Hapo ulipo ni pazuri."

"Wateja wangu wamekuja kuona nguva, hawakuja kuona kisogo chako."

"Kisogo changu ni cha bure, watazame tu."

Alicheka, akabaki nyuma ya boya. Ila injini hakuzima; aliiacha inanguruma chini chini, na wengine wakamwiga, kwa kuwa mkondo ulikuwa ukisukuma kuelekea ndani na kila mtu alitaka kushika nafasi yake. Seremala hakumtazama hata mmoja wao. Alikuwa amegeukia tishari, mikono magotini.

Kule wakateremsha machela. Mpwa wangu alishuka majini pamoja nayo, kichwa na mabega yake tu vikionekana, mkono mmoja juu ya ule mgongo wa kijivu. Wakavuta mashuka. Wakalegeza kamba. Mgeni akabaki pale pale, nusu ndani ya maji, kama aliyefunguliwa mlango wa gereza akadhani ni mtego.

Kisha mkia ukainuka. Nimetembea sana mimi, nimelala katika nchi ambazo siku hizi zimebadilisha majina, lakini kitu kipana namna ile kuinuka polepole vile sikuwa nimekiona. Maji yakatiririka pande zote mbili yakimetameta. Kikashuka bila kishindo. Machela ikabaki tupu.

Palipokuwa shwari pakatokea duara laini juu ya maji, kama alama ya kikombe mezani. Mbele yake, duara jingine. Halafu jingine, likielekea nje, kwenye mwamba.

"Anakwenda," seremala alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mtoto wake.

Hapo watu wakashindwa kujizuia. Vigelegele, miluzi, honi. Mtu mmoja ndani ya boti ya matofali akaanza kupiga ubavu wa boti kwa viganja, kwa furaha tu, na jirani yake akaitikia, na jirani wa jirani. Mara mstari mzima ulikuwa unagongwa. Ko, ko, ko.

Mpwa wangu alikuwa amewakalisha manahodha wote sokoni akawaambia kila kitu: umbali, injini, kutotupa chakula, kutoruka majini. Kugonga hakukutaja. Hakuna aliyekukumbuka, hata baba yake. Kwetu huko kulikuwa kugonga kwa seremala na kiganja chake asubuhi, jambo la nyumbani. Nani angefikiria kulikataza bandarini?

Yale maduara yakakoma. Kisha likatokea moja upande wetu. Kisha jingine, karibu zaidi. Mgeni alikuwa amesikia meza imetandikwa mstari mzima, na mbele ya kila sahani rafadha inazunguka.

Redio ya mkononi ikalia. "Baba! Amegeuka! Wanyamazisheni!"

Niliinua nyekundu nikaipunga mpaka bega likauma. Hakuna aliyeitazama, wote macho yalikuwa majini. Nilipomgeukia seremala, kiganja chake kilikuwa kimefunguka, kiko hewani juu ya ubavu wa kiboti chetu.

Nikamwelewa mara moja. Sisi hatukuwa na injini. Akigonga yeye, kwa ule mlio anaoujua Mgeni kuliko yote, mnyama angekuja kwetu, angeepuka zile rafadha. Tungemrudisha polepole kwenye kijihori chake, kwenye mafungu yake ya nyasi. Angekuwa hai. Na angekuwa wake.

"Baba," redio ikasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa amepanda tena tishari na darubini machoni. "Baba, usigonge."

Kiganja kikabaki pale pale hewani. Kisha kikashuka, kikashika kasia la pili.

"Kwa Kipaza," aliniambia. "Vuta!"

Tulivuta mpaka tukagonganisha pua ya kiboti na boti yake. Seremala akasimama, akamshika nahodha kwa macho.

"Zima. Na uwaambie wazime, na waache kugonga."

"Mzee, mkondo utatusukuma ndani..."

"Anakuja chini yako, kijana. Sasa hivi. Ana mikato mitatu mgongoni. Wa nne utakuwa wako."

Kipaza alichungulia majini. Sijui aliona nini, lakini mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe. Injini ikakata. Akainua kipaza sauti, nami nikajiandaa kwa ngurumo. Hakunguruma. Alinong'ona, na ule mnong'ono ukatembea juu ya bahari nzima, ukatusimamisha nywele.

"Zimeni. Msigonge. Anapita chini yetu. Tafadhalini jamani, hata pumzi, taratibu."

Ukimya ulianzia kwake ukaenda pande mbili. Injini moja ikafa, na nyingine, na nyingine, kama taa za mtaa wakati umeme unakatika. Viganja vikabaki juu ya mbao. Mkondo ukaanza kutusukuma sote ndani ya maboya, na bila injini hapakuwa na la kufanya ila lile walilofanya: kila mtu akanyoosha mkono akashika boti ya jirani, wa mwisho wakakumbatia kamba za maboya. Tajiri wa viti vya ngozi alikuwa ameshikana viganja na mchukuzi wa matofali. Mstari mzima ulishikwa kwa mikono ya watu. Ukajipinda, ukatulia.

Ndipo alipokuja.

Kwanza giza likapita chini ya Kipaza, refu, likakawia kupita. Halafu chini yetu. Kisha kando ya kiboti, kwa upande wa seremala, maji yakafunguka na zile pua mbili zikafunguka nazo. Alitoa pumzi nzito yenye joto, ikanipiga usoni. Ilikuwa na harufu ya nyasi zilizokatwa.

Seremala alikuwa amekalia mikono yake. Kweli kabisa, ameiweka chini ya mapaja, ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

Mgeni akangoja. Jicho lake lilikuwa dogo, jeusi, halina haraka. Alileta mdomo kwenye ubao, nikasikia masharubu yakikwaruza mbao, taratibu, huku na huku, pale pale ambapo mafungu yangekuwa. Uso wa seremala ulikuwa juu yake kabisa, machozi yakimdondoka kidevuni mpaka majini, na hakusogea. Hakusema jina. Hakuna mtu aliyekohoa. Boti zote hizo, watu wote hao, na kitu pekee kilichosikika ni pumzi ya mnyama.

Akapumua tena. Akangoja tena. Kisha pua zikajifunga, na akazama chini yetu, na maji yakakiinua kiboti kidogo, kiasi cha kifua cha mtu aliyelala, yakakishusha. Niliwahi kupanda meli kubwa, niliwahi kuvuka mito iliyofurika juu ya mlango wa friji. Kuinuliwa namna ile ilikuwa mara ya kwanza.

Duara laini likatokea mbele ya mstari. Jingine mbele yake. Hayakugeuka tena.

Tulikaa hivyo hivyo tumeshikana mpaka mbali kabisa, karibu na mwamba, pumzi moja ikapanda kama moshi mweupe. Kisha pembeni yake pumzi nyingine, ndogo. Kisha nyingine. Migongo ya kijivu ikaja juu ikimetameta, ikashuka, na hatukuweza tena kujua upi ni wa nani.

"Wako wengi," redio ikasema. Halafu ikazimwa.

Hakuna aliyeshangilia. Kipaza alikuwa ameketi kwenye sakafu ya boti yake, kidude chake mapajani. Seremala alinigusa kwa bega.

"Nisaidie, shemeji. Mikono imekufa ganzi."

Nikamvuta mkono mmoja, kisha wa pili.

Mgeni alikuwa na kifaa mkiani cha kuonyesha alipo. Kilionyesha kwamba alibaki na wenzake upande wa mwamba hadi mvua zilipoanza, kisha kikachomoka kama kilivyotengenezwa kuchomoka. Baada ya hapo hakuna anayejua. Mpwa wangu alihamishiwa bandari nyingine; ameolewa na ana watoto wawili. Nyavu za kijihori zilitolewa. Seremala aliuza boti, akarudi kwenye milango, akapata tatizo la macho, akaacha kazi. Dada yangu anamtunza. Kipaza bado anabeba watalii. Mwenye viti vya ngozi alifilisika. Yule wa matofali alifariki mwaka uliofuata kwa homa. Mimi nilikaa kwao mwezi mmoja zaidi, kisha nikapata lori lililokuwa likielekea bara, nikapanda.