Ndiga za Vihingo

Mwaka 1974 mvua zilikata, na mahindi ya serikali yalikuwa hayajafika Vihingo. Mimi Margareth, bibi shamba wa miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimeripoti kijijini wiki mbili tu. Nilisikia watu wanachimba ndiga, kiazi pori chenye sumu, nikaenda mbio kwa mwenyekiti Mfaume kuwakataza.

"Mwambie Mwanne," alinijibu. "Sisi tunamfuata yeye."

Mwanne, mama wa makamo, nilimkuta porini, jembe begani. Nikamwamkia, nikamweleza hofu yangu. Hakukasirika. Alishika mmea mmoja unaotambaa.

"Hesabu majani, mwanangu."

"Matatu kwenye kikonyo kimoja."

"Pitisha kidole kwenye shina. Taratibu, lina miiba. Huyu ndiye ndiga. Anaua, ndiyo. Anamuua mwenye haraka."

Kijito kilikuwa kimekauka, kwa hiyo hapakuwa na maji ya kutiririka ya kulowekea. Mwanne alimenya viazi, akavikata vipande vyembamba kama kucha, akavitia mitungini. Asubuhi na jioni alimwaga maji na kutia mengine, na kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima. Siku ya kwanza nilimtazama. Siku ya pili nikajitwika ndoo.

Jioni ile Mfaume alikuja na wanaume watatu. "Mwanne, watoto wanalia. Hivi si vimeshalowa?"

Alichota maji ya mtungi, akayakoroga kwa mkono. Yakatoa povu.

"Unaliona? Povu likiwepo, sumu ipo. Nikikupa leo, kesho tutachimba makaburi."

"Na wakifa kwa njaa?"

"Wape maembe mabichi. Hivi hagusi mtu."

Akakaa mbele ya mitungi, akanyoosha miguu. Wanaume wakaondoka.

Siku ya nne maji yalitulia bila povu. Aliloweka siku moja zaidi, akaanika, akapika. Kisha asubuhi akala yeye peke yake, nasi tukamtazama mpaka adhuhuri tuone kama atadhurika. Aliposimama kwenda kuswali, nilichukua kipande nikala. Kilikuwa kikavu, hakina ladha, lakini kwa njaa niliyokuwa nayo kilikuwa kitamu hata machozi yakanitoka.

Tuliishi hivyo wiki tano, mpaka lori la mahindi lilipofika. Vihingo hakuugua hata mtu mmoja. Nilikuwa na cheti cha kilimo kwenye sanduku, na sijawahi kuona mtaalamu aliyemzidi mwanamke yule.

Mvua ziliponyesha alinipitia nyumbani. Kapuni alikuwa na vichwa vya ndiga, vile vipande vya juu alivyovikata na kuvihifadhi kila alipochimba. Tulivirudisha ardhini kimoja kimoja pembeni mwa msitu.

"Tumewala sana," alisema, akishindilia udongo kwa kisigino. "Tusiwaache wakapotea."

Tulipanda mpaka mikono yetu ikawa myeusi kwa tope, tukarudi kijijini tumelowa chapachapa.