Ninki na Ning'o

Nilipoona umati nje ya zahanati nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nimewaalika wazazi wa watoto wenye usonji, na kwa jinsi ninavyowajua watu wetu na mambo ya hospitali, nilitarajia wazazi watatu, wakizidi sana wanne. Kumbe watu wamejaa mpaka kwenye shamba la chai la jirani. Nikashuka garini nimekumbatia mashine yangu, natabasamu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipotambua kwamba hawakuja na watoto.

Mimi ni Valentine, muuguzi, mzaliwa wa Nyamira. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimalizia katika wodi ya watoto mjini Kisii, nikipima homa na kukwepa swali la akina mama: mbona mtoto wangu haongei, mbona haniangalii usoni? Nilichoka kujibu sijui. Nikarudi shule ukubwani, watu wakanicheka, na sasa nimo katika utafiti wa kutafuta kinachosababisha usonji ndani ya ubongo. Nina kofia ya nyaya inayosoma umeme wa ubongo na kuuchora kwa mistari kwenye kompyuta. Haiumi wala haichomi. Inataka tu mtoto atulie, na hapo ndipo penye kazi.

Tangazo langu lilisomwa siku ya Sabato katika kanisa moja la huku Marani. Niliandika kwa Kiswahili kwamba tunatafuta chanzo cha usonji. Mzee wa kanisa, Alfayo, kwa wema wake akalitafsiri kwa Kikisii ili akina nyanya nao waelewe. Sasa, kwetu ukitaka kujua jambo ni nini, unauliza ninki. Ukitaka kujua ni nani, unauliza ning'o. Alfayo alitakiwa aseme tunatafuta ninki iliyoleta ugonjwa. Alisema ning'o. Na wala simshangai, kwa sababu kwa wengi huku ugonjwa wa kichwa haujawahi kuwa na nini. Una mtu.

Haya yote nilielezwa pale mlangoni na Nyangate, kwa sauti ya chini, akiwa amemshika mkono bintiye Gesare. Gesare alikuwa mtoto pekee aliyeletwa. Alikuwa na maneno yake machache kama watoto wengine, kisha yakapotea, na tangu hapo hajasema kitu.

"Wamekuja kuona sura," Nyangate aliniambia. "Wanasema mashine yako itamwonyesha aliyemroga mtoto huyu."

Nikatazama ndani. Benchi la mbele lilikuwa na mtu mmoja tu, ingawa watu walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi. Alikuwa Mong'ina, mama mkwe wa Nyangate, ambaye nilizoea kununua ndizi zake katika soko la Daraja Mbili. Nyuma yake alisimama mwanawe Duke, baba yake Gesare, amekunja mikono, na vijana wenzake wa bodaboda wamemzunguka.

Huku kwetu mwanamke mzee akishatajwa kuwa mchawi, nyumba yake inaweza kuteketea kabla hajapata wa kumtetea. Nikajaribu kufikiri na akili ikakataa. Nikisema leo hakuna kupima, watasema nimemwona na ninamficha. Nikipima, mistari itaruka, kwa maana ndiyo kazi yake, na kila mmoja atasoma humo jina alilokuja nalo. Na nikiwaeleza sayansi? Utafiti wenyewe unasema mengi ya usonji hurithiwa katika ukoo. Hebu waambie watu hawa neno ukoo, huku nyanya ameketi pale mbele peke yake. Ukweli wangu ungemmaliza upesi kuliko uongo wao.

Nilimwomba Alfayo asahihishe. Alisimama, maskini, akaeleza kwamba alikosea neno, kwamba ni ninki. Watu wakaguna. Sauti moja ikauliza mzee amepewa nini abadilishe maneno ya kanisani. Akaketi akijifuta jasho, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Nikamwendea Mong'ina, nikainama kana kwamba namsalimu, nikamnong'oneza kwamba mlango wa nyuma uko wazi na dereva wangu atampeleka popote. Hakuinuka. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Mwanangu, mimi sikuletwa kwa nguvu," alisema kwa Kikisii. "Ni mimi nilimwambia Duke anilete. Siku mtoto alipoacha kusema, nilikuwa nimembeba mgongoni. Tangu siku hiyo ninajiuliza. Pengine ni mimi na mwenyewe sijijui. Kama ni mimi, niambie wewe kabla hawajaniambia wao."

Nimewahi kuwaambia wazazi habari nzito nyingi bila kutoa chozi. Pale nilishindwa. Halafu nikashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonisimamisha. Nikasema kwa Kikisii, kwa sauti ya kusikika hadi nje, kwamba si yeye. Hakuna mashine duniani inayoweza kutamka hivyo, na yangu hata sikuwa nimeiwasha. Nilitamka mwenyewe, mbele ya watu, nimevaa sare.

Nikaona mabega ya Mong'ina yakishuka, nami nikaanza kupumua.

"Sawa, sista," Duke alisema. "Basi ni nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Macho ya watu yalihama kutoka kwa Mong'ina, yakatangatanga chumbani, yakatua mlangoni kwa Nyangate. Mke aliyeolewa kutoka mbali, mama wa mtoto mwenyewe. Nyangate naye aliyaona. Alirudi nyuma hatua moja na kumvuta Gesare kwenye sketi yake. Nilikuwa nimemtoa mmoja motoni na kumweka mwingine.

Mong'ina aliinuka. Alikuwa ameshasikia kwamba si yeye, angeweza kwenda zake nyumbani na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu. Alitembea taratibu mpaka mlangoni, watu wakimpisha kwa woga wao uleule, akamshika Nyangate mkono, akaja naye mpaka kwenye lile benchi. Akamketisha, naye akaketi karibu naye, bega kwa bega. Gesare akapanda mwenyewe mapajani pa nyanya yake. Ndipo Mong'ina akageuka kumtazama mwanawe.

"Uliza ninki," alimwambia.

Duke alikunjua mikono yake. Mong'ina akaanza kumpapasa mtoto nywele, polepole, akitenga nafasi ya nyaya, na Gesare akatulia. Nikaichukua kofia.